Konokono wa Bonde la Kilombero, na mgeni ambaye mtoto wako anaweza kumwona kwanza

Ukifika Mikumi ukaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya kusini, safari ya Ifakara inaanza kwa miwa. Pale Kidatu mashamba yanasogea hadi ukingoni mwa barabara. Baada ya hapo Milima ya Udzungwa inakaa kulia kwako, mirefu na yenye msitu mzito, na vijito vyake vinakatiza chini ya madaraja madogo. Ukipita Mang'ula, upande wa kushoto unaanza kufunguka. Miwa inapungua, mpunga unachukua nafasi.

Hilo ndilo Bonde la Kilombero. Mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kimataifa, likiwa na ukubwa wa karibu hekta 800,000. Ndani yake wapo sheshe, swala wa majimajini ambao ni nadra sana kuwaona kwingine nchini. Wapo kambare na perege, na wapo binadamu wengi wanaoishi kwa jembe na nyavu.

Kila masika maji ya Udzungwa na ya Mahenge hukutana humu na kusambaa. Zamani msafiri wa Mahenge alisubiri kivuko kwenye Mto Kilombero, na mto ukikasirika alilala ng'ambo. Tangu 2018 anapita juu ya daraja lenye urefu wa mita 384. Lakini chini ya daraja maisha yanaendelea kufuata maji. Familia nyingi huhamia mashambani msimu wa kilimo na kukaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Wazazi wanapandikiza, watoto wanaamia ndege, na kila mtu anakanyaga maji.

Nilikwenda Ifakara kuangalia afya ya watoto wa familia hizo. Nilirudi nikiwa nawaza konokono.

Mwenyeji tunayemfahamu

Kwenye kitongoji kimoja nje ya mji nilimkuta mama akipandikiza miche, magoti yakiwa ndani ya jaruba.

"Shikamoo mama, na pole na kazi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa, karibu."

Nilipomuuliza kuhusu konokono hakujibu yeye. Alimwita mwanawe wa miaka tisa hivi, naye akateremka mferejini na kurudi na magamba matatu kiganjani. Mawili madogo yenye ncha, moja kubwa la mviringo. Alijua wapi yanapatikana, yapi yana mdudu ndani na yapi ni matupu. Mama akacheka. Kisha akaniambia kwamba kaka wa huyo mtoto aliwahi kukojoa damu, na nyumbani wakasema labda ni utu uzima unaanza. Zahanati ndiyo iliyowaambia ni kichocho.

Wazo hilo la "utu uzima" lipo sehemu nyingi za Afrika, na limechelewesha matibabu ya watoto wengi. Mkojo wenye damu si hatua ya kukua. Ni dalili ya ugonjwa.

Kichocho cha mkojo kinahitaji konokono ili kiendelee. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono. Humo huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vingi hutoka mchana jua likiwa kali, saa zilezile watoto wanapoogelea. Havihitaji kidonda. Ngozi nzima inatosha.

Konokono anayehusika na kichocho cha mkojo ni wa jamii ya Bulinus. Ukilishika gamba lake ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo huo unakuwa upande wa kushoto. Kichocho cha tumbo hubebwa na Biomphalaria, ambaye gamba lake ni bapa, limejikunja kama kamba iliyoviringishwa mezani.

Ifakara ina historia ndefu ya kuwachunguza wadudu na konokono hawa. Maabara iliyoanzishwa hapa na Waswisi katika miaka ya 1950, chini ya mwanazoolojia Rudolf Geigy wa Basel, ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1985 watafiti walichapisha uchunguzi wa maisha ya Bulinus globosus kwenye maji ya kuzunguka mji huu. Ni kazi isiyo na makeke: kwenda kwenye dimbwi lilelile, tena na tena, na kuhesabu. Lakini bila kazi ya namna hiyo, hakuna anayeweza kusema huyu ni mwenyeji na yule ni mgeni.

Mgeni aliyeonekana Mwea

Mgeni ninayemzungumzia alionekana Kenya. Mwaka 2020, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, waligundulika konokono wakubwa wasio wa kawaida, pamoja na vishada vya mayai yenye rangi ya waridi kali vilivyogandishwa kwenye mashina ya mpunga. Wataalamu walichunguza umbo na vinasaba vyao. Jibu lilikuwa Pomacea canaliculata, konokono-tufaha wa Amerika Kusini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2021 ilieleza kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa spishi hiyo kurekodiwa Kenya, na mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Kwao ni Argentina, Uruguay na majirani zao. Karibu mwaka 1980 alipelekwa Taiwan ili afugwe kama chakula. Soko halikuitika, konokono wakatoroka au wakamwagwa, na ndani ya miaka michache mashamba ya mpunga ya Asia, hadi Ufilipino, yakaanza kuliwa. Leo yumo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani.

Ulaji wake una saa yake. Hupenda miche michanga na laini, hasa wiki tatu za kwanza baada ya kupandikiza. Mkulima analala na jaruba la kijani, anaamka na mapengo. Utafiti uliofanyika baadaye Mwea ulionyesha kwamba mkulima ambaye zaidi ya asilimia 20 ya shamba lake limevamiwa hupoteza karibu asilimia 14 ya mavuno. Kwa mwenye jaruba moja, hiyo ni ada ya shule na ni sare.

Na kuna upande wa afya. Konokono huyu anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye mtu akimmeza huweza kufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 zaidi ya watu 100 waliugua Beijing, China, baada ya kula konokono hao bila kuiva vizuri kwenye mgahawa. Si kila konokono ana mnyoo huyo, kwa sababu lazima aupate kwanza kutoka kwa panya. Lakini mzazi hahitaji kubahatisha. Konokono wa jarubani si kitu cha mtoto kuonja wala kuchoma kwenye moto wa kuotea.

Kutoka Mwea hadi Ifakara

Kati ya Mwea na Ifakara kuna zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Konokono hatembei umbali huo. Lakini miche husafiri, matrekta husafiri, na tope lililoganda kwenye magurudumu husafiri nayo. Wapo hata watu wanaobeba konokono wazuri kwa ajili ya matangi ya samaki.

Katika siku zangu za Kilombero sikuona kishada chochote cha waridi. Niliona mpunga uliosimama vizuri, mifereji yenye konokono wa kawaida na watoto wenye macho makali. Ndiyo maana naandika sasa. Mgeni wa namna hii hukamatwa akiwa mmoja, si akishakuwa ukoo. Mwea iligundua wakati tayari yupo kwenye mashamba, na wakulima wameendelea kupambana naye.

Afya inalijua somo hili. Mwaka 2012 mbu wa malaria kutoka Asia, Anopheles stephensi, aliripotiwa Djibouti. Tofauti na mbu wetu wa mashambani, huyu anapenda matangi na mapipa ya mjini. Baadaye alionekana Ethiopia, kisha Kenya. Aliyemtambua mapema ni yule aliyekuwa tayari anawajua mbu wa kwao, akaona huyu hafanani.

Usidhani kazi hiyo ni ya wenye darubini peke yao. Mwaka 1991 ilichapishwa kazi iliyofanyika Wilaya ya Kilosa, mkoa huuhuu wa Morogoro. Wanafunzi waliulizwa na walimu wao maswali mepesi tu, likiwamo la kukojoa damu. Majibu yao yalitosha kuzitambua shule zenye kichocho kingi, kwa gharama ndogo kuliko kupima mkojo wa kila mtoto. Watoto waliulizwa, wakasema kweli, na ramani ikapatikana.

Yule mtoto wa mferejini angeweza kuwa wa kwanza kuona mayai ya waridi. Swali ni kama kuna mtu mzima aliyemwambia kwamba akiyaona aseme.

Mzazi ufanye nini

Kwanza, mfundishe mtoto tofauti. Afrika Mashariki ina konokono wakubwa wa asili wa maji baridi, na si adui. Alama rahisi zaidi ya mgeni ni mayai: kishada cha waridi kali, mamia kwa pamoja, kimegandishwa juu ya usawa wa maji kwenye shina, kijiti au ukuta wa mfereji. Mayai hayo yana sumu, kwa hiyo mtoto asiyashike. Akiyaona aite mkubwa.

Pili, ukimshuku, piga picha kwa simu: konokono, mayai na mahali alipo. Mpelekee afisa ugani wa kata, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ifakara. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) nayo ina wajibu wa kushughulikia visumbufu vya mimea. Usimbebe akiwa hai kwenda kumwonyesha jirani wa kijiji kingine. Hivyo ndivyo anavyohama.

Tatu, usikimbilie sumu. Mashamba yaliyovamiwa hudhibitiwa zaidi kwa kuokota konokono kwa mikono iliyovaa glavu, kuponda mayai kwa kijiti na kupunguza maji jarubani miche ikiwa michanga. Sumu ya kumwaga ovyo inaua perege, na maji hayohayo ndiyo ya kuoshea vyombo dunguni.

Nne, usimsahau mwenyeji kwa kumwogopa mgeni. Leo hii anayemtesa mtoto wa bondeni ni Bulinus. Mtoto akikojoa damu, au akilalamika maumivu anapokojoa, mpeleke zahanati. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inatibu vizuri, ila haizuii kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yaleyale. Usimfiche siku ya dawa shuleni, na mpe chakula kwanza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri matibabu yaanze na watoto wa miaka miwili, maana wadogo nao huogeshwa mtoni wakiwa mgongoni na mapajani mwa mama zao.

Kwa binti jambo ni zito zaidi. Kichocho kisipotibiwa kinaweza kuumiza via vya uzazi, kikaleta kutokwa damu na maumivu yanayodhaniwa kuwa ni ugonjwa wa zinaa, na hata ugumba. Binti anayeona aibu kusema anahitaji mama, shangazi au bibi atakayemuuliza kwa upole.

Tano, maji ya kuoga ya mtoto yachotwe na kuachwa kwenye ndoo iliyofunikwa kwa siku mbili. Vijidudu vya kichocho visivyopata mwili hufa. Kunywa, hata hivyo, chemsha. Na choo kiwepo hata dunguni, kwa sababu bila mkojo na kinyesi majini, konokono anabaki kuwa konokono tu.

Mtoto wako akirudi leo jioni na magamba mfukoni, usiyatupe kabla hujayatazama. Kaeni chini, geuzeni ncha juu, mtazame mdomo uko upande gani. Muulize aliyatoa maji gani na kama aliingia na miguu mitupu. Halafu anawe mikono kwa sabuni, ale, na kesho akipita mferejini atakuwa anajua nini cha kutafuta.