Njegere za Vilima vya Kabale

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, huona nchi ikiinuka mbele yake hata vilima vyote vikafanana na ngazi. Hayo ni matuta yaliyokingamishwa katika mteremko ili mvua isichukue udongo. Kando ya Ziwa Bunyonyi, ambalo uso wake u karibu meta 1,960 juu ya bahari, asubuhi huwa na ukungu na baridi. Njegere hustawi katika hali kama hiyo.

Nilifika huko mwanzoni mwa mvua za Septemba, nikapokewa na mama mmoja, mjane wa askari polisi. Mbegu yake ilikuwa kopo moja tu. Msimu uliotangulia mvua ilinyesha siku mbili ikakatika, na nusu ya mbegu ikapotea ardhini.

"Mwanangu," aliniambia, "hizi nazo zikipotea, watoto hawatakula njegere, wala sitakuwa na mbegu ya mwaka ujao."

Safari hii alichagua punje nzima, akaziroweka usiku katika maji safi kwa muda wa saa nane. Alfajiri aliziopoa, akazitandaza mkekani kivulini hata maganda yakakauka, zisigandamane mkononi. Akazipanda siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Mstari mmoja tu aliupanda mbegu kavu, apate kulinganisha.

Sababu yake ni hii: mbegu haioti kabla ya kunywa maji ya kutosha. Katika udongo wa baridi au wenye unyevu haba, kazi hiyo huchelewa, na punje huweza kuoza au tuta kukauka. Mbegu iliyokwisha kunywa nyumbani huwahi kuota na kushika mizizi kabla jua halijarudi.

Lakini maji yakizidi huua. Mbegu ikizama usiku kucha na mchana kutwa hukosa hewa. Ikitoa mzizi kabla ya kupandwa, mzizi huo huvunjika upesi. Na mbegu iliyopakwa dawa dukani isirowekwe, wala isiliwe kamwe.

Siku ya tisa nilikwenda tena shambani. Mistari ya mbegu zilizorowekwa ilikuwa imechomoza sawasawa. Ule wa mbegu kavu ulikuwa na miche michache tu. Mama alikuwa akiihesabu.

Ndugu msomaji mwenye bustani nyuma ya nyumba yako kambini, usiamini maneno yangu matupu. Panda mistari miwili, mmoja wa mbegu kavu na mmoja wa mbegu zilizorowekwa, ujionee mwenyewe.