Nilivyozunguka Kariakoo na binti yangu kutafuta kompyuta ya kurekodia muziki

Mzazi anayekwenda Kariakoo kununua kompyuta ashuke kwenye daladala kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo Mtaa wa Aggrey na Likoma unajaa mikokoteni, bodaboda na watu wa mikoani waliokuja kuchukua mzigo, na hutampata muuzaji wa kukuwashia mashine akuache uikague nusu saa nzima. Sisi tulifika saa mbili na nusu, siku ya Jumanne, maduka mengine yakiwa bado yanafagiliwa.

Tulitoka Ukonga. Daladala za huku zinapita Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na kabla hujaingia mjini unalipita jengo la redio ya taifa. Nilimwonyesha binti yangu. Kwa miaka mingi bendi ya Dar es Salaam ikitaka kurekodi ilikuwa inakwenda huko, Redio Tanzania: Mlimani Park, Vijana Jazz, Juwata na wengine. Wanamuziki wote wanaingia chumbani, wimbo unapigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpuliza tarumbeta akiteleza mnaanza upya. Wakimaliza, kanda inabaki maktaba ya redio. Studio za watu binafsi zilikuja kushika kasi miaka ya 1990, enzi za kina Master J na P Funk Majani, na hapo kijana alitakiwa kuwa na fedha ya studio au kufahamiana na prodyuza.

Binti alisikiliza nusu, masikio yake yako kwenye simu. Ana miaka 18, amemaliza kidato cha sita, anaimba kwaya na anatunga nyimbo zake. Kwa mwaka mzima amekuwa akirekodi kwa simu akitumia BandLab, programu ya bure, na sitaidharau simu hiyo kwa sababu ndiyo iliyotuonyesha kuwa hana mchezo. Ila akishaweka sauti nne au tano juu ya nyingine simu inapata moto, inakwama, na mdogo wake akipiga tu kazi inakatika.

Mfukoni tulikuwa na Sh950,000. Ni gawio langu la kikoba, la mwaka mzima. Baba yake alikubali kwa sharti moja: mashine hiyo hiyo ndiyo atakayoingia nayo chuo, hakuna nyingine. Kwa hiyo tukikosea duka, binti angekosa studio na angeanza chuo akiazima kompyuta za wenzake. Wazazi wengi mnaosoma hapa mnajua hesabu ya namna hiyo.

Hatujapiga hatua 50 kutoka kituoni winga wa kwanza akatudaka. "Karibu mama, karibu dada yangu. Laptopu? Twende ofisini, bei ya jumla." Kwa asiyemfahamu, winga ni kijana asiye na duka. Kazi yake ni kukupeleka kwenye duka la mtu, na chake kinaongezwa juu ya bei yako. Wengi ni wachapakazi na wanaijua Kariakoo kuliko ramani yoyote, lakini kwa kompyuta ningependa kuongea na yule ambaye nitarudi kwake ikigoma. Nilimshukuru, tukaendelea.

Duka la kwanza lilikuwa na kompyuta nyeusi yenye taa nyekundu chini ya vibonye, ya wacheza gemu. Binti aliganda pale kama mtoto mbele ya keki. Muuzaji akasema hii ndiyo maprodyuza wanachukua. Ina nguvu, sikatai, lakini mashine za aina hiyo zina feni mbili zinazopuliza kama kikausha nywele, na nguvu nyingi iko kwenye kadi ya picha, ambayo sauti ya mtu haiihitaji. Kwenye kurekodi, feni ni adui. Maikrofoni haichagui, inachukua sauti ya mwimbaji na ya feni pamoja, na mluzi ule ukishaingia kwenye wimbo kuutoa ni kazi.

Hapa ndipo Kariakoo inapokuwa mahali pagumu pa kununulia. Utaisikiaje feni wakati nje kuna spika ya tangazo la punguzo na jenereta la jirani? Njia tuliyoipata ni kuomba kupanda ghorofani. Maghorofa mengi ya mitaa hii yana maduka juu, ngazi zake nyembamba na zina giza, lakini huko kelele inapungua na kodi pia nadhani inapungua, maana bei hazilingani na za chini. Unafungua video ya ubora wa juu au unawasha programu kadhaa kwa pamoja, unasubiri dakika kumi mashine ipate joto, halafu unaweka sikio karibu na tundu la pembeni. Muuzaji mmoja alicheka alipomwona binti ameinamisha kichwa kwenye meza, akamuuliza kama anasikiliza mapigo ya moyo.

Kompyuta nyingi hapa ni zilizotumika. Zinatoka maofisini Ulaya, Marekani na kupitia Dubai: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Mimi nazipenda kuliko mpya za bei rahisi. Zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi, bawaba zake ni ngumu, na fundi anaweza kuzifungua. Tatizo ni kwamba duka zima litakwambia neno moja, "hii ni i5 mama," kana kwamba umeambiwa kila kitu. Kusema i5 ni sawa na kusema Hiace. Ya mwaka gani?

Angalia namba inayofuata. Ikiandikwa i5-6300U, hiyo 6 inamaanisha kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Mstari wa kukata ni kizazi cha nane, kwa sababu mbili. Kwanza, i5 za kompyuta ndogo za ofisini hadi kizazi cha saba zilikuwa na ubongo wa sehemu mbili tu, na kuanzia cha nane zikawa na sehemu nne, na kupanga sauti nyingi kwa pamoja kunazitumia zote. Pili, Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kabla yake. Chini ya hapo unanunua mashine ambayo mwenye programu ameshaipa kisogo. Zipo bado kwa wingi Kariakoo, na ndizo zinazotajwa kwa bei tamu.

Mtego mwingine ni diski. Duka la tatu walituwekea mbili mezani: moja ya GB 500, nyingine ya GB 256, na ya 500 ilikuwa rahisi zaidi. Mama yeyote sokoni anachukua kifungu kikubwa. Lakini ile ya 500 ilikuwa diski ya zamani inayozunguka, inayochelewa na kunguruma, na ya 256 ilikuwa SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nafasi isikutishe. Sauti moja ikirekodiwa kwa ubora mzuri inakula kama MB 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye sauti kumi ni kama MB 320. Nyimbo tatu, GB 1.

RAM iwe GB 8 kwa kuanzia, na mashine iwe na sehemu ya kuongeza. Hili la pili watu hulisahau. Kompyuta nyembamba nyingi za siku hizi RAM yake imechomelewa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zina sehemu mbili za kuchomeka, kwa hiyo unaweza kuanza na 8 ukafika 16 baadaye.

Tuliiona pia MacBook Air ya M1. Hiyo haina feni kabisa, na inakuja na GarageBand bila malipo. Kwa kurekodi chumbani nadhani ni vigumu kupata iliyotulia zaidi. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya tulichotenga kwa kompyuta, RAM haiongezeki, basi tukaitazama kwa heshima tukashuka ngazi.

Duka tulilonunua lilikuwa ghorofa ya pili, la dada mmoja na baba yake. Binti akaamkia, mzee akaitikia bila kuinua kichwa, yuko na bisibisi. Dada yule hakutusukuma. Alituachia EliteBook ya kizazi cha nane mezani, akaendelea na wateja wengine. Binti alichomeka hedifoni alizokuja nazo, akarekodi sekunde 20 za ukimya, akasikiliza. Kulikuwa na mvumo, uuuuu, kama nyuki ndani ya kopo. Nilishataka kuinuka. Yule mzee akasema, "Chomoa chaja, binti yangu, rekodi tena." Mvumo ukapotea.

Akatueleza. Chaja ile ilikuja na plagi ya nje, ikawekewa kiunganishi cha miguu miwili, hivyo waya wa ardhini haufanyi kazi na umeme unavuja kwenye sauti. Akatafuta waya wa miguu mitatu ya kawaida ya hapa kwetu, akachomeka, mvumo ukapungua hadi ukawa hausikiki. Alituambia kuwa nyumba ikiwa haina ardhini ya kweli, na zipo nyingi, dawa ni kurekodi kwa betri. Kwa hiyo betri nayo ikakaguliwa. Aliandika amri ya powercfg /batteryreport, ukafunguka ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa ina kiasi gani. Ya kwetu ilikuwa imebaki robo tatu hivi. Mwombe muuzaji akufanyie hivyo. Akikataa, tafuta duka lingine.

Bei ilianza 680,000, ikaishia 620,000, na risiti ya EFD, na waranti ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa kalamu pamoja na namba ya mashine. Hiyo namba muhimu. Waranti isiyo na namba ya mashine ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Kabla hatujaondoka, kijana wa dukani akajitolea kutuwekea FL Studio kwa Sh20,000. Ni programu inayotumiwa sana na maprodyuza wetu, ila hiyo ya 20,000 ni ya wizi, na nyingi ya hizo huingia na virusi. Hapo mimi na binti tulibishana kidogo, yeye akitaja marafiki zake wote walio nayo. Toleo la majaribio la FL Studio ni halali na bure, kasoro yake ni kwamba kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua tena kuiendeleza mpaka ununue. Tulikubaliana aanze na Reaper, ambayo inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya matumizi binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure moja kwa moja, lakini kwa kupanga biti na sauti nyingi aliiona ngumu. Hajaridhika sana. Tutaona.

Zilibaki 330,000. Maikrofoni ya USB 150,000, yenye tundu lake la hedifoni, na tundu hilo usiliache. Kompyuta inachukua sauti kwa mafungu, na fungu likiwa kubwa mwimbaji anajisikia amechelewa, kama simu ya ng'ambo ya zamani. Likiwa dogo sana mashine inalemewa na sauti inakwaruza. Ukijisikiliza kupitia maikrofoni yenyewe unaukwepa mzozo huo. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuchomeka gitaa. Hedifoni zinazofunika sikio zima 60,000, stendi 25,000. Iliyobaki tuliigawa kati ya diski ya nje iliyotumika, ya kuwekea nakala, chipsi kuku, na nauli.

Nyumbani ikabaki shida ya chumba. Bati letu halina dari upande wa watoto, mvua ikinyesha hakuna studio. Anarekodi baada ya saa nne usiku, daladala zikipungua, akiwa amefungua mlango wa kabati la nguo mbele yake na kutundika blanketi na kanga zangu mbili nyuma yake, feni ya ukutani imezimwa, jasho linamtoka. Mdogo wake ameambiwa kompyuta si ya gemu, na hadi sasa ametii mara nyingi kuliko alivyoasi. Baba yake ndiye anayeuliza kila asubuhi kama nakala zimehamishiwa kwenye ile diski ya nje. RAM ya pili tutairudia kwa yule mzee Desemba, kikoba kikigawana tena.