Mpiga Saksafoni wa Harusi

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni mwenzangu wa chumba aliona saksafoni yangu, akauliza napiga muziki gani. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Jazi." Uongo mtupu! Saksafoni nilijifunza Dar es Salaam, kwenye matarumbeta, yale ya kukaa nyuma ya pikapu mbele ya gari la maharusi, jua la saa nane linakuchoma na makonda wa daladala wanakushangilia. Nyumbani ni kazi ya kawaida. Lakini mbele ya yule kijana, neno "harusi" lilinikwama kooni.

Aliyenitoa aibu hiyo ni mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Anaitwa Yuri Yunakov. Niliikuta sidii yake maktaba, ya mwaka 1997, na juu yake imeandikwa waziwazi kwamba ni muziki wa harusi wa Bulgaria. Nikaisikiliza mara tatu usiku ule ule. Jamani, yule bwana anakimbiza vidole! Na midundo yenyewe haiendi mbili mbili kama tulivyozoea, inahesabiwa saba, mara kumi na moja, na hapotei hata kidogo.

Nikaanza kumfuatilia. Yunakov alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Haskovo, kusini mwa Bulgaria, kwenye familia ya Waroma wa Kituruki. Waroma ni watu ambao mababu zao walitoka India karne nyingi zilizopita, na Ulaya hadi leo wengi wanawaita kwa majina ya dharau. Ujanani alikuwa bondia. Baadaye akashika saksafoni, na katika miaka ya 1980 akaingia bendi ya Trakiya ya Ivo Papasov, mpiga klarineti ambaye nchi nzima ilimjua. Watu walikuwa wakipanga siku ya harusi kwa kufuata nafasi ya bendi, na wasioalikwa wakaja kwa wingi kusikiliza tu.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Serikali ya kikomunisti ilitaka Bulgaria iwe ya kabila moja. Waislamu walilazimishwa kuacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Waroma walikuwa wameanza kufanyiwa hivyo mapema, na majira ya baridi ya 1984 na 1985 ikawa zamu ya Waturuki kwa mamia ya maelfu. Kituruki kikakatazwa hadharani. Kyuchek, ngoma ya Waroma, ikapigwa marufuku. Hata zurna ilikatazwa, na zurna, ndugu zangu, ni jamaa wa karibu wa nzumari yetu ya pwani. Papasov na Yunakov waliwekwa ndani kwa kosa la kupiga muziki wao.

Nilijiuliza sana: serikali yenye jeshi, polisi na redio inaogopa nini kwa mpiga saksafoni wa harusi? Nadhani ni hivi. Redio ilikuwa ya serikali, na vikundi rasmi vya ngoma vilikuwa vya serikali. Lakini harusi ilikuwa ya wenyewe. Walichanga wenyewe, wakaita bendi wenyewe, wakaomba nyimbo wanazozitaka na kuwatunza wapigaji kwa pesa zao. Mtu aliyenyang'anywa jina ofisini, pale uwanjani alijisikia ni yeye.

Utawala ule ulianguka mwaka 1989. Mwaka 1994 Yunakov akahamia New York. Alipiga kwenye matamasha na kurekodi sidii, lakini harusi hakuziacha. Waroma kutoka Makedonia wanaoishi Bronx walimwita, na Waturuki na Waalbania vilevile. Mwaka 2011 Marekani ikampa tuzo ya taifa ya urithi, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nchini humo kwa wasanii wa jadi. Muziki uliomtia ndani kwao, ugenini ukamvika taji.

Basi mwezi wa nne dada mmoja wa jumuiya yetu aliolewa. Ukumbi tulikodi kwa michango, pilau wakapika akina mama wa Mombasa, na spika zikagoma kabla bibi harusi hajaingia. Mwenyekiti akanitazama. Nikaenda garini, nikaitoa saksafoni, nikamwingiza bibi harusi kwa yale yale ya nyuma ya pikapu. Nilipiga karibu saa nzima, shati likalowa. Mama mmoja wa Lubumbashi alikuja akicheza, akanibandika dola tano kwenye paji la uso.

Mwenzangu wa chumba nilikuwa nimemwalika. Tulipokaa kula akaniinamia, akauliza, "Kwa hiyo hii ndiyo jazi?"

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Hii ni ya harusi."