Saa Mbili ya Rasbura

Katika miezi ya mwanzo ya kusi, mwaka 2007, aliyepita ufukweni Rasbura nyakati za alasiri aliweza kuwaona watoto sita wameketi mchangani chini ya minazi, kila mmoja na kipande chake cha kamba ya katani, wakifunga na kufungua, wakifunga na kufungua. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka mjini Lindi alisimama akauliza kama wanafundishwa uvuvi. Akajibiwa kwamba ni skauti, na kwamba mwezi wa Julai mmoja wao atakwenda Uingereza. Mzee akazitazama zile kamba, akazitazama kaptula zilizokwisha kufifia rangi, akasema, "Inshallah," kwa ile sauti ambayo watu wa pwani hulitumia neno hilo wasipotaka kumvunja mtoto moyo.

Habari ilikuwa ya kweli. Mwaka huo uskauti ulikuwa ukitimiza miaka 100 tangu Robert Baden-Powell alipowapeleka vijana 20 katika kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, kujaribu maisha ya kambi. Kwa kuadhimisha karne hiyo, kambi ya dunia ilipangwa kufanyika katika bustani kubwa ya Hylands Park, mjini Chelmsford, kuanzia tarehe 27 Julai hadi 8 Agosti, na vijana karibu 40,000 walitarajiwa kutoka nchi zaidi ya 150. Kambi hizo huitwa jambori. Wapo wanaopenda kuamini kwamba neno hilo limezaliwa na "jambo" la Kiswahili. Inasikitisha kidogo kusema kwamba Wamarekani walikuwa wakilitumia tangu karne ya 19, kwa maana ya karamu yenye makelele, kabla Baden-Powell hajalichukua. Lakini yeye mwenyewe Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake. Alikufa Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, akazikwa hukohuko, na juu ya kaburi lake pamechorwa alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo skauti huichora njiani kuwaambia wanaomfuata: nimekwenda nyumbani.

Alama hiyo watoto wa Rasbura waliijua vizuri. Walikuwa wakiichora mchangani kila magharibi walipoagana, na maji yalipojaa yakaifuta.

Katika wale sita, wawili ndio wenye habari hii. Mmoja alikuwa mtoto wa mwalimu, aliyehamia Lindi na wazazi wake kutoka bara akiwa na umri wa miaka 12. Alisoma kila kitabu kilichomfikia, akaweza kuzitaja kanuni za skauti kwa mpangilio bila ya kukosea, na dira aliielewa kuliko wote. Kuogelea hakujua. Mwingine alikuwa mtoto wa mvuvi. Baba yake alikwisha kufariki, na bibi yake ndiye aliyemlea kwa kukaanga samaki na kuuza. Vitabu alivisoma kwa shida, lakini siku mwalimu wao wa skauti alipofungua kurasa za mafundo na kuanza kueleza namna ya kufunga kitanzi kisichobana, mtoto huyo alilifunga fundo lile huku mikono ameiweka mgongoni, kabla ya maelezo kwisha. Kumbe fundo lililoonyeshwa kitabuni kama elimu ya kigeni lilikuwa ndilo lile ambalo wavuvi hufungia ngalawa kila jioni. Mwalimu alicheka, akakifunga kitabu, akamwachia darasa.

Urafiki wao ulianzia katika aibu. Mtoto wa mwalimu alikuwa akisingizia kifua kila mara kundi lilipokwenda kuoga baharini, na wenzake walikuwa karibu kugundua. Jioni moja mtoto wa mvuvi alimjia na dumu tupu la lita tano, limezibwa vizuri, akamwambia, "Twende upande wa mikoko. Huko hakuna mtu." Hakuuliza swali wala hakutoa maelezo. Kwa muda wa mwezi mzima, maji yalipojaa, walikwenda wawili na lile dumu. Mara ya kwanza mtoto wa mwalimu alilikumbatia kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Mara ya mwisho dumu lilibaki ufukweni, na hakuna aliyelikumbuka mpaka walipofika nyumbani.

Miongoni mwa majaribio ya kumpata msafiri palikuwa na safari ya wawili wawili: vijana wavuke, wapige kambi usiku mmoja, warudi na taarifa iliyoandikwa. Hawa wawili waliamua kuvuka ghuba kwenda upande wa Kitunda kwa ngalawa ya mjomba wake mtoto wa mvuvi. Ghuba ya Lindi asubuhi, kabla ya upepo kuamka, ni maji yanayoweza kumdanganya mtu mzima, sembuse watoto. Walivuka wakiimba. Kabla ya kuondoka, mtoto wa mwalimu aliomba apewe nafasi ya kukaza kamba za mrengu mmoja, maana alitaka naye awe na kazi ya kuandika katika taarifa. Akapewa.

Kambi ilikwenda vyema. Walichimba ming'oko, wakaichemsha, wakala na chumvi. Walitazama taa za Lindi ng'ambo ya pili wakabishana ni ipi ya Rasbura. Kosa lilikuwa kuchelewa kurudi. Siku ya pili walikaa mpaka jua limepanda, wakichora ramani ambayo hapana shaka ingesubiri, na walipoingia majini kusi ilikwisha kuwa kali. Katikati ya ghuba mrengu ulianza kucheza. Kamba zilizofungwa kwa bidii na mtoto wa mwalimu zilikuwa zimelegea. Fundo alilolitumia ni zuri kwa kamba kavu, lakini katani iliyorowa ni kitu kingine. Wimbi moja likaingia, la pili likaingia. Mtoto wa mvuvi aliteremsha tanga, akampa mwenzake kifuu cha nazi ayachote maji, na yeye akajitosa. Alifunga upya kamba zile akiwa ndani ya maji, mkono mmoja ameshika boriti, huku ngalawa ikipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Ilichukua muda gani, hakuna aliyepima. Alipopanda, vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Alisema neno moja tu: "Chota."

Jioni walipoandika taarifa, mtoto wa mvuvi alimwambia mwenzake aandike kwamba upepo ulikuwa mkali. Ikaandikwa hivyo. Na upepo ulikuwa mkali kweli. Taarifa ile haikuwa na uongo hata mmoja, ila ukweli wake ulikuwa umechaguliwa.

Matokeo yalipotangazwa, mtoto wa mvuvi alikuwa wa kwanza na mtoto wa mwalimu wa pili. Rasbura ilifurahi kwa namna ambayo mitaa ya pembezoni hufurahi, yaani kila mtu alidai kwamba alijua tangu zamani. Bibi yake alipelekewa kuku. Michango ya nauli ilipitishwa sokoni na katika nyumba za ibada, na wapo waliotoa samaki kwa kuwa fedha hawakuwa nazo.

Kisha ikaja habari ya hati ya kusafiria. Hati inataka cheti cha kuzaliwa, na mtoto wa mvuvi hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, usiku, mikononi mwa mkunga wa mtaa, na hakuna aliyeiandika siku ile popote. Bibi alikumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa mvua nyingi na kwamba mwezi ulikuwa haujaandama. Karani aliyewapokea alikuwa mtu mpole, aliwawekea kiti, akawaeleza viapo vinavyotakiwa na mashahidi wanaotakiwa. Lakini baba alikuwa kaburini, mkunga alikuwa kaburini, na siku zilizobaki zilihesabika kwa vidole. Bibi aliuliza swali ambalo karani hakuwa na jibu lake: "Mwanangu, huyu si unamwona?"

Hali hiyo haikuwa ya mtoto mmoja. Wakati huo watoto wengi mno wa Tanzania, khasa wa vijijini na wa pwani ya kusini, walikuwa wakikua bila ya cheti, na hawakulihisi pengo lile mpaka walipofika mbele ya mlango unaofunguliwa kwa karatasi. Mtoto wa mwalimu cheti alikuwa nacho, kimehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya baba yake. Nafasi ikahamia kwake.

Alikaa siku mbili bila ya kutoka nje. Siku ya tatu alimwendea mwenzake akamwambia kwamba anakwenda kwa mwalimu wa skauti kueleza habari ya mrengu, kwa kuwa mtu aliyetaka kuzamisha ngalawa hastahili kuvuka bahari. Mtoto wa mvuvi alikuwa akiparua samaki wa bibi yake. Hakuinua uso. "Ukisema," alimwambia, "nafasi haitarudi kwangu. Itakwenda kwa kundi jingine. Unataka Rasbura ikose mtu ili wewe upate usingizi?" Ni jibu gumu kwa mtoto wa miaka 15 kulitoa, na pengine ni gumu zaidi kulipokea. Waliparua samaki waliobaki pamoja, kimya.

Liko jambo moja lililosalia. Wasafiri walitakiwa wabebe simulizi ya kwao, ya kuwaelezea vijana wa mataifa mengine jioni mbele ya moto. Mtoto wa mwalimu alitaka kwenda na habari za Kilwa, za misikiti na majumba, kama zilivyo vitabuni. Mwenzake akasema, "Wape mifupa."

Tendaguru ni kilima kilicho kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi, upande wa kaskazini-magharibi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliichimbua huko mifupa ya wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mkubwa wao sasa amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Kutoka kilimani hadi bandarini Lindi hapakuwa na reli wala gari. Mifupa ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne, mzigo baada ya mzigo, maelfu ya safari, ndipo ikatiwa katika meli. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake limeandikwa na linajulikana. Wapagazi walio wengi wamebaki kuwa hesabu tu. Nyumbani kwao mtoto wa mvuvi ilikuwa ikisimuliwa kwamba babu wa bibi yake alikuwa mmoja wao, kwamba begani alikuwa na kovu mpaka siku aliyokufa, na kwamba aliwaambia wanawe kuwa amebeba mguu wa shetani akalipwa ujira wa mtu.

Bibi aliisimulia upya usiku ule, taratibu, na mtoto wa mwalimu akaiandika. Alipofika kwenye jina la babu yule alimwomba bibi alitaje mara mbili, ili asikosee hata herufi.

Usiku wa mwisho, baada ya kufungasha, wale wawili walikaa ufukweni. Walikwisha kuelezwa kwamba tarehe 1 Agosti, saa mbili asubuhi, skauti wa dunia nzima watarudia ahadi yao kwa pamoja: wachache katika kisiwa cha Brownsea penyewe, maelfu katika kambi ya Chelmsford, na wengine kila walipo, kila nchi kwa saa yake. Kundi la Rasbura lilikwisha kupanga kukutana palepale chini ya minazi.

"Saa mbili ya Uingereza," aliuliza mtoto wa mvuvi, "huku itakuwa saa ngapi?"

Mwenzake alihesabu kwa fimbo mchangani. Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Saa nne," akasema. "Wao wako nyuma yetu kwa saa mbili."

"Yaani sisi tutatangulia."

"Mtatangulia."

Mtoto wa mvuvi alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu siku ya karani. "Basi wewe utakuwa bado umelala, na mimi nimekwisha kula ahadi, nimekunywa chai, niko kwenye nyavu."

Alfajiri ya pili basi la Dar es Salaam liliondoka stendi ya Lindi saa kumi na mbili. Mbele yake palikuwa na kipande cha Somanga hadi Ndundu, ambacho wakati huo kilikuwa hakijatiwa lami, na wasafiri wazoefu walikwisha kujifunga vitambaa puani. Mtoto wa mwalimu alikaa dirishani na skafu shingoni. Mwenzake alikuwa amesimama pembeni, miguu mitupu, na kipande cha katani mkononi, akifunga na kufungua. Hakupunga mkono. Basi lilipoanza kusogea alichuchumaa, akachora kitu ardhini kwa kidole. Lakini vumbi lilikwisha kupanda, na kutoka dirishani haikuonekana ni alama gani.