Mbwa akikaribia kuzaa, waandae na watoto

Kwetu Moshi mbwa ni mlinzi. Analala uani, usiku anabweka, asubuhi anakula ugali na dagaa. Hivyo tumbo la Suzi lilipoanza kuonekana, mume wangu alisema, "Mwache, mbwa hujizalia mwenyewe."

Ni kweli, mara nyingi hujizalia. Lakini nyumba yetu ina watoto wawili, wa miaka 9 na 4, nao walikuwa wameshaanza kumpapasa tumbo na kugombea majina. Nikaona maandalizi si ya mbwa peke yake.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Binti yangu mkubwa akapewa kazi ya kutia alama kila siku kwenye kalenda ya ukutani. Wiki mbili kabla, tulitenga kona tulivu ya stoo, tukaweka boksi pana la mbao lenye upande mmoja mfupi ili mama apite na watoto wake wabaki ndani. Tukatandika magazeti, juu yake kanga kuukuu. Ilikuwa Julai, na mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kujipasha joto mwenyewe. Baridi inaweza kumuua.

Jikoni nilibandika namba ya daktari wa mifugo, pamoja na dalili za kumpigia bila kusubiri: mama kusukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, kupita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali wengine bado wamo tumboni, au ute wa kijani kutoka kabla ya mtoto wa kwanza.

Kisha nikakaa na wanangu. Niliwaambia Suzi wanayemjua ni mpole, lakini mbwa aliyezaa anaweza kung'ata hata anayempenda, kwa kuwa analinda. Sheria zikawa tatu: hakuna kwenda stoo bila mtu mzima, hakuna kunyanyua mtoto wa mbwa, na ukimgusa Suzi unanawa kwa sabuni, kwa sababu minyoo ya mbwa humwingia binadamu pia.

La nne lilikuwa gumu. Niliwaambia huenda si wote wataishi. Mdogo akauliza, "Kama bibi?" Nikamjibu, "Ndiyo, kama bibi." Tulikuwa tumemzika mama mkwe wakati wa Pasaka, na tangu siku hiyo mtoto hakuwa amemtaja.

Siku ilipofika, Suzi alikataa chakula cha mchana, akawa anahema na kuparua kanga. Usiku akazaa watano, akiwalamba na kukata vitovu mwenyewe, kama mume wangu alivyosema. Wa tano hakupumua, ingawa nilimsugua kwa taulo kavu. Asubuhi mdogo ndiye aliyechagua mahali pa kumzika, chini ya mgomba. Siku nzima aliuliza maswali kuhusu bibi, nasi tukamjibu yote.

Wale wanne walifumbua macho wakiwa na wiki mbili hivi. Hawatoki kwetu kabla ya wiki 8, na majirani waliowaomba wameshaambiwa: wakitimiza miezi 3, chanjo ya kichaa cha mbwa ni juu yao. Nao wana watoto nyumbani.