Kikaango cha Mama, Teflon na moto wa makaa

Jamani, leo tuache kompyuta kando tuingie jikoni.

Mama yangu huuza chapati, na kikaango chake ni cha chuma cha kumiminwa, kizito kama jiwe. Juzi aliniambia anataka kununua kile chepesi kisichogandisha chakula, kwa sababu jirani anacho na anakisifu sana. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa mitambo" nyumbani, aliniuliza tofauti ni gani. Nilimjibu hivi.

Vingi vya vikaango hivyo ni alumini iliyopakwa PTFE, plastiki ambayo Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938 akifanya kazi DuPont. Sisi tunaijua kwa jina Teflon. Mafuta unatumia kidogo, na alumini hupitisha joto upesi kuliko chuma. Kwa yai juu ya gesi, hakina mpinzani.

Lakini utando huo una kikomo, nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Ukizidisha sana, huvunjika na kutoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa na kumpa mtu homa. Na jiko la makaa, wasomaji wangu, halina kitufe cha kupunguza moto! Kikaango kikikaa kitupu Mama akisukuma chapati, kikomo kinapitwa bila mtu kujua.

Utando wa chuma ni mafuta yenyewe. Paka kidogo, pasha sana, nayo hushikana yakawa ngozi nyeusi ngumu. Ikikwaruzwa, unaosha, unapaka, unapasha tena. Yaani chuma kina bekapu. Teflon ikichunika, basi. Tena chuma kizito hushika joto, kwa hivyo chapati ya ishirini huiva kama ya kwanza. Hasara zake? Kutu kikiachwa na maji, na nyanya zikichemka humo hula ile ngozi.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na mkono wangu je?"

Kumbe shida haikuwa kugandisha. Kifundo cha mkono kinamuuma kwa kuinua ule uzito kila alfajiri, na mkono huo ndio biashara yenyewe.

Basi Jumamosi tunaenda Kamukunji kutafuta kikaango cha bati la chuma lisilopakwa zinki: chembamba, chepesi, na ngozi yake hujengwa kwa mafuta vilevile. Nitabeba sumaku, isiponasa, huenda hiyo ni alumini.

Nawe unakaangia nini? Niambie.