Ruta ya pili ndani ya saiba

Leo tuongee kuhusu jambo ambalo wenye saiba wengi hapa Mwatate hawalifikirii: kompyuta ikiwashwa, nani huipa anwani ya mtandao?

Katika IPv4 kompyuta huuliza kwa DHCP, utaratibu wa mwaka 1993, na mara nyingi hulikubali jibu linalotangulia kufika. Katika IPv6 husikiliza tangazo la ruta, kisha hujitungia anwani yenyewe. Kwa kawaida hakuna anayeulizwa kitambulisho. Yeyote aliye kwenye swichi au waifai hiyo hiyo anaweza kujitangaza kuwa ruta.

"Lakini mimi natumia IPv4 pekee," utaniambia. Hapo ndipo penye shimo. Tangu Vista, Windows huja IPv6 ikiwa tayari imewashwa. Kompyuta zako zinangoja tangazo ambalo ruta yako haitumi. La mtu mwingine likifika, zitalikubali, pamoja na seva ya DNS iliyotajwa ndani yake. Mteja aliyeteremka kutoka Wundanyi kujaza ritani ya KRA mwisho wa Juni anaweza kupelekwa kwenye tovuti bandia. HTTPS itamkinga kwa kiasi kikubwa, mradi asilipuuze onyo la kivinjari.

Habari njema ni kwamba kwenye mtandao wa namna hii kugundua ni rahisi. Kwa kuwa tangazo halali halipo, hata moja tu ni kengele. Chukua kompyuta kuukuu yenye Linux, andika:

sudo tcpdump -n -i eth0 'icmp6 and ip6[40] == 134'

134 ni namba ya tangazo la ruta. Badala ya eth0 weka jina la kadi yako ya mtandao.

Niliiacha ikisikiliza katika saiba moja hapa mjini. Siku ya tatu ikanasa. Tukafuata anwani ya MAC hadi kwenye laptopu ya mteja. Hakuwa mwizi! Alikuwa amewasha huduma ya Windows ya kugawa intaneti, na RFC 6104 ya mwaka 2011 inaitaja sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kumshika mtu shati.

Mtego huu una mipaka. Mjanja anaweza kutuma tangazo kwa kompyuta moja tu, mlinzi wako asilisikie. Au atalificha nyuma ya vichwa vya ziada vya paketi, mbinu iliyoelezwa katika RFC 7113 ya mwaka 2014, na chujio langu halitaliona. Basi kagua kompyuta zenyewe pia: ipconfig ikionyesha lango linaloanza na fe80, nawe huna IPv6, kuna ruta ya pili.

Kinga iliyo bora zaidi ni swichi yenye RA-Guard, inayopokea matangazo kutoka poti ya ruta pekee. Mpaka uweze kuinunua, hiyo kompyuta kuukuu iache isikilize. Ikinasa kitu, niambieni.